Kombe Jangwani: Jina, Maji na Lugha za Mji wa Coachella

Ramadhani iliyopita, mtoto wa mjomba wangu aliyehamia Marekani alitujia Mombasa na bweta la tende. Zilikuwa nene, za rangi ya kahawa iliyokolea, laini kama halua, kila moja imelazwa mahali pake. Mama alifuturu kwa moja, akatema kokwa kiganjani, akaiangalia kwa muda, kisha akauliza: "Tende hii imekuja na jahazi gani?"

"Shangazi, hii imepanda ndege," binamu akajibu, nasi tukacheka. Lakini Mama hakuwa akifanya mzaha. Kwa watu wa rika lake, tende ni kitu kinacholetwa na kaskazi. Majahazi yalitoka Basra na Maskati, yakatia nanga Bandari ya Kale yakiwa na makanda ya tende na samaki wakavu na mazulia, kisha yakangoja kusi yarudi na boriti za mikoko. Tende isiyojua bahari, kwake yeye, haina nasaba.

Nikachukua bweta, nikasoma maandishi yake. Palikuwa na neno moja nililokwisha kulisikia kwa vijana: Coachella. Kwao ni jina la tamasha kubwa la muziki, lililoanza mwaka 1999, ambako nyota wa dunia nzima hupanda jukwaani. Binamu akanisahihisha. Tamasha lenyewe hufanyika Indio, mji jirani. Coachella ni mji wa watu wa mashamba. "Na huko," akasema, "ukiingia dukani unasalimiwa kwanza kwa Kihispania."

Makala haya ni jibu langu la kuchelewa kwa swali la Mama. Na kwa kuwa sisi hapa ni watu wa lugha, nitaanza na jina.

Bonde la Coachella liko kusini-mashariki mwa jimbo la California, katika jangwa ambalo mvua yake ya mwaka mzima haifiki milimita 100. Mji wenyewe umekaa kiasi cha mita 20 chini ya usawa wa bahari. Hapo kale Mto Colorado ulikuwa ukihama mkondo wake mara kwa mara na kumimina maji katika bonde hilo, likatokea ziwa kubwa ambalo wataalamu huliita Ziwa Cahuilla. Mto uliporudi katika njia yake, ziwa lilikauka. Lilijaa na kukauka mara kadhaa, na mara ya mwisho ni kama miaka 300 iliyopita. Lilichoacha mchangani ni viganda vidogo vya konokono wa maji matamu, visivyo na idadi. Mtu anatembea jangwani, mbali na bahari, na chini ya wayo wake kuna ufuko.

Kihispania huita kombe *concha*, na kombe dogo *conchilla*. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu juu ya udogeshaji huo. Sisi nasi tulikuwa na kombe, tukalitia kiambishi cha ki-, tukapata kikombe, na leo tunakinywea chai bila kukumbuka alikotoka.

Lakini jina la kwanza la mji huo katika maandishi halikuwa la kombe. Kampuni ya reli ya Southern Pacific ilipopitisha njia yake bondeni mwaka 1876, paliwekwa kituo kilichoitwa Woodspur, yaani tawi la reli la kupakilia kuni. Kuni hizo zilikatwa kwenye miti ya mesquite iliyoota bondeni. Mkenya asiyeujua mti huu kwa jina hilo anamjua ndugu yake kwa dhiki: ni wa jenasi moja na mathenge, ulioletwa kwetu kuzuia jangwa, ukageuka kero ya wafugaji wa Baringo na Turkana. Kwa wenyeji wa bonde la Coachella, hata hivyo, mesquite haukuwa kero. Maganda yake yalitwangwa yakawa unga, na unga ulikuwa chakula cha mwaka.

Mwaka 1901 wakazi wa Woodspur walikutana kuchagua jina jipya, wakakubaliana juu ya Coachella. Neno hilo halimo katika Kihispania wala katika Kiingereza. Masimulizi ya asili yake ni mawili. La kwanza husema kwamba waliokusudia kuandika *Conchilla* waliponyokwa na herufi, na kosa la chapa likabaki likawa jina. La pili husema kwamba ni suluhu kati ya *Conchilla* na *Cahuilla*, jina la wenyeji wa asili wa bonde hilo. Sina haja ya kuamua baina yao. Kinachonigusa ni kwamba katika masimulizi yote mawili jina limezaliwa pale lugha zilipogongana, na mwenye kalamu ndiye aliyeshinda. Sisi wa Mvita tunayajua hayo. Mji waweza kuitwa hivi na wenyewe na vile na wageni, na ramani ikawafuata wageni.

Wacahuilla walikuwako kabla ya reli, kabla ya Wahispania. Walichimba visima vya kuteremkia kwa miguu, vyenye ngazi za udongo mpaka chini kwenye maji, jambo ambalo wasafiri wa kigeni walilistaajabia. Lugha yao ni ya familia ya Uto-Aztecan, ukoo mmoja na Nahuatl ya Mexico. Serikali ya Marekani iligawa bonde lao vipande vya mraba, kimoja cha kampuni ya reli na cha pili kikabaki, vikipishana kama ubao wa drafti. Baadhi ya vipande hivyo ni ardhi ya makabila yao hadi leo, lakini wanaoizungumza lugha yao kwa ufasaha ni wachache mno. Kwa hiyo tunaposema kwamba Coachella ni mji wa lugha mbili, yatupasa tukumbuke kwamba kuna lugha ya tatu chini yake, kama viganda vile vilivyo chini ya mchanga.

Sasa nirudi kwa tende.

Biashara ya tende baina ya bahari yetu na Marekani ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1833 Sayyid Said, aliyetawala Maskati na Zanzibar, alitiana mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1840 merikebu yake iitwayo Sultana, ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ilitoka Maskati, ikapita Zanzibar, ikafika New York. Katika shehena yake zilikuwamo tende, pamoja na kahawa, karafuu, pembe za ndovu na ngozi. Ndiyo kusema, Wamarekani walizila tende zilizopita bandari zetu miongo mingi kabla hawajaweza kuzipanda zao.

Kuzipanda kulihitaji kitu kingine. Kokwa ya tende ukiifukia itaota, lakini haina ahadi: huenda ikatoka dume lisilozaa, huenda likatoka jike lenye tunda lisilofanana na la mamaye. Anayetaka tende ileile hana budi kung'oa chipukizi linaloota kwenye shina la mama na kulipanda kwingine. Kwa hiyo, mwanzoni mwa karne ya 20, wizara ya kilimo ya Marekani ilituma wataalamu Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati kutafuta machipukizi. Kutoka Algeria ikaja Deglet Noor, ambayo kwa Kiarabu maana yake ni tende ya nuru. Ukiinyanyua juani, mwanga unapenya, na kokwa inaonekana ndani. Neno *nuru* tunalo sisi pia, na tumelipata kwa mlango uleule.

Nyingine ni Medjool, hiyo iliyokuwa ndani ya bweta letu. Jina lake latokana na *majhul*, yaani isiyojulikana, kutoka mzizi uleule uliotupatia *jahili*. Mwaka 1927 ugonjwa ulikuwa ukiangamiza mitende ya Morocco. Mtaalamu aitwaye Walter Swingle alipewa machipukizi 11 kutoka oasisi ya Bou Denib. Kwa kuogopa kuleta ugonjwa, hayakupelekwa California moja kwa moja, bali yalitengwa peke yake kusini mwa jimbo la Nevada kwa miaka kadhaa. Mawili yalikufa, 9 yakaishi, nayo yakachipua mengine. Katikati ya miaka ya 1930 uzao huo ulihamishiwa bonde la Coachella. Sehemu kubwa ya Medjool zinazolimwa Marekani ni kizazi cha mitende hiyo 9. Nasaba aliyoitafuta Mama ilikuwapo, na ilikuwa fupi kuliko ya koo nyingi za mjini kwetu.

Mtende ulipokuja haukuja peke yake. Ulileta majina. Kijiji kilichoitwa Walters kiligeuzwa kuitwa Mecca. Kingine kinaitwa Oasis. Sekondari ya bonde hilo iliwaita wachezaji wake "Waarabu", kwa sanamu ya mtu mwenye uso wa ukali na kilemba kichwani. Waliobuni walikusudia kuusifu mtende, lakini mtu mwenyewe walimfanya katuni. Chama cha kutetea Wamarekani wenye asili ya Kiarabu kililalamika mwaka 2013, na mwaka uliofuata sanamu hiyo ikabadilishwa kwa mashauriano ya pande zote mbili. Nalisema hili kwa sababu ni somo la lugha. Ni rahisi kuazima neno la watu. Kuwakaribisha watu wenyewe ni jambo la pili.

Mtende una mithali yake huko Arabuni, kwamba hutaka kichwa motoni na miguu majini. Moto bonde lilikuwa nao. Maji yalipatikana kwanza kwa visima virefu, lakini kina kilianza kushuka, na mwaka 1918 paliundwa mamlaka ya maji ya bonde. Hatimaye ukajengwa mfereji wa kilomita karibu 200, uliokamilika mwishoni mwa miaka ya 1940, wa kuleta maji ya Mto Colorado. Mji wa Coachella ulipata hadhi rasmi ya manispaa mwaka 1946, mfereji ukiwa mlangoni. Mto uliojaza ziwa la kale kwa kupenda kwake ukarudishwa bondeni kwa amri.

Mji ulipopata maji ulihitaji mikono. Mtende wa biashara haujitunzi. Katika uwanda wenye mitende 50, mmoja tu huachwa kuwa dume, na mtu hupanda juu ya kila jike kutia chavua kwa mkono. Hupanda tena kukata miiba, tena kupunguza tunda, tena kufunga vikole visivunjike, tena kuvivisha mifuko ya kuzuia ndege na mvua, na mwisho kuvuna. Mtende mkubwa hufika mita 15 na kuzidi, na joto la kiangazi hupita nyuzi 45. Wafanyao kazi hiyo huitwa *palmeros*, na kwa vizazi kadhaa wengi wao wametoka Mexico. Ndiyo maana istilahi za mtende jangwani humo, mti ulioletwa kwa Kiarabu ukasajiliwa kwa Kiingereza, zimekuwa za Kihispania. Lugha ya shamba hufuata mkono ulioshika panga.

Kati ya mwaka 1942 na 1964 Marekani iliwaleta vibarua wa Mexico kwa mikataba ya muda. Mpango huo ulipokwisha, wakulima wa zabibu waliwalipa Wamarekani na Wafilipino waliokuwapo ujira mdogo kuliko ule uliowekwa kwa wageni. Mwezi Mei 1965 Wafilipino wavuna zabibu wa Coachella waligoma, wakidai dola 1.40 kwa saa, wakazipata. Msimu wa zabibu huanza kusini na kupanda kaskazini. Wavunaji walipofika Delano mwezi Septemba na kunyimwa ujira uleule, waligoma tena, na safari hii chama cha Wamexico kilichoongozwa na César Chávez kikaungana nao. Huo ndio mgomo mashuhuri uliodumu miaka mitano. Mwaka 1970, mashamba ya zabibu ya Coachella yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kutia saini mikataba na chama cha wafanyakazi.

Hapa mpenzi wa lugha hawezi kupita bila kusimama. Mgomo kwa Kihispania ni *huelga*. Kwa Kifilipino ni *welga*, neno walilolirithi kutoka kwa Wahispania waliowatawala miaka zaidi ya 300. Watu wa pande mbili za Bahari ya Pasifiki, waliotawaliwa na mfalme mmoja, walikutana katika shamba la zabibu la Mmarekani wakakuta wana neno moja la kukataa. Nasi *meza* yetu ya Kireno ni jirani wa *mesa* yao. Mtawala huondoka, lakini maneno yake hubaki yakafanya kazi asiyoitaka.

Wakazi wa Coachella walikuwa 16,896 mwaka 1990. Mwaka 2000 walikuwa 22,724, na mwaka 2010 walifika 40,704, yaani mji ulikaribia kuwa mara mbili katika miaka kumi. Nyumba zilijengwa palipokuwa pamelimwa. Kisha msukosuko wa mikopo ya nyumba wa mwaka 2008 ukaipunguza kasi, na hesabu ya mwaka 2020 ilikuta watu 41,941. Zaidi ya 9 katika kila 10 wana asili ya Kilatino, na katika nyumba nyingi mazungumzo ya jioni ni ya Kihispania ilhali mitihani ya asubuhi ni ya Kiingereza.

Katikati ya lugha hizo mbili yuko mtoto. Ndiye anayesoma barua ya serikali na kuwafasiria wazazi, ndiye anayesimama baina ya mama yake na daktari. Mwaka 1998 wapiga kura wa California walipitisha sheria iliyobana ufundishaji kwa lugha mbili, na shule nyingi zikaelekezwa kufundisha kwa Kiingereza karibu pekee. Sheria hiyo ilifutwa kwa kura mwaka 2016. Katika miaka 18 ya baina yake, kizazi kizima kiliingia darasa la kwanza na kutoka sekondari.

Naisoma habari hiyo nikikumbuka kibao cha mbao. Katika shule niliyosoma, aliyeponyokwa na neno lisilo la Kiingereza alivikwa kibao hicho shingoni kwa kamba, akawa nacho mpaka amnase mwenzake. Mimi nilikivaa siku mbili mfululizo kwa kusema "maji". Nilikuwa na kiu. Sikujifunza Kiingereza kwa kibao kile. Nilichojifunza ni kusikiliza wenzangu kwa nia mbaya. Kwa hiyo sioni kuwa suala la lugha mbili ni la takwimu za shule tu. Ni suala la kama mtoto atayaomba maji kwa sauti au atakaa kimya na kiu yake.

Na maji yenyewe hayajawa haki ya wote. Mashariki mwa bonde, nje ya mji, vibarua wengi huishi katika makambi ya nyumba za magurudumu yasiyounganishwa na mabomba ya umma. Baadhi ya visima vya huko vimekutwa na aseniki, sumu itokayo ardhini. Kusini yake liko Ziwa Salton, lililozuka baada ya Mto Colorado kubomoa mifereji mwaka 1905. Sasa linanywea kwa sababu maji yaliyokuwa yakilifikia kutoka mashambani yamepungua, na kingo zilizokauka zinapeperusha vumbi linaloingia vifuani mwa watoto. Katika makambi hayo wamo Wapurépecha kutoka jimbo la Michoacán, ambao Kihispania kwao ni lugha ya pili na Kiingereza ni ya tatu. Tangazo la hatari ya maji likitolewa kwa "lugha zote mbili", bibi wa Kipurépecha bado hajaambiwa kitu. Ndipo sifa ya mji wa lugha mbili inapogeuka kuwa upungufu wa lugha moja.

Majuzi nilimketisha Mama, nikamweleza yote hayo kwa kifupi. Nikamwambia tende ile ilitoka Morocco kabla ya vita vikuu vya pili, ikatengwa jangwani kwa miaka, ikanyweshwa mto ulioelekezwa kwa mfereji, ikapandiwa na watu wa Mexico, katika mji uliopewa jina la kombe kwa herufi zilizokosewa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na hao wanaoipanda, wao huifuturia?"

Nilimjibu kwamba wengi wao si Waislamu. Akasema hakuuliza dini yao. Aliuliza kama bweta kama lile hufika mezani kwao. Sikuwa na jawabu, na mpaka naandika haya sinalo. Nimeishia kwenye ubeti mmoja tu:

Jina lilikuwa kombe, mchanga ukalizika,
Wakaja watu na jembe, maji yakamiminika,
Kila lugha ina chembe, mji ulipojengeka,
Mwenye mji ni kiumbe, jashole lililotoka.

Msomaji mwenye majina ya tende yaliyotumika kwao, Lamu, Pemba, Bagamoyo au Maskati, na ayalete tuyahifadhi. Mama anayo matatu, lakini amekataa kuniambia mpaka nimletee jibu la swali lake.